Moshi wa Nyumba ya Kona

Kuna watu wanaoikumbuka miaka ile ya vita kwa barabara walizokimbilia. Mimi naikumbuka kwa dirisha. Sikukimbia popote, na tafadhali mtu asiniite shujaa. Siku mtaa mzima ulipokuwa mbioni, mimi nilikuwa nimepiga magoti natafuta kandambili ya pili chini ya kitanda, na kabla sijaipata watu walikuwa wameanza kurudi.

Nilikuwa kijana wa kutengeneza redio. Watu waliniletea redio zao zilizonyamaza, nami nilizirudisha zikisema. Kwa hiyo habari za dunia nzima zilipita mezani kwangu, na sikuona sababu ya kwenda kuzitafuta mjini. Nilimaliza sekondari, ndiyo, lakini kazi zote nilizosomea zilitaka mtu atoke asubuhi.

Parseli yetu, yaani kiwanja chetu, ilikuwa na nyumba kumi na moja zilizozunguka uwanja mmoja, bomba moja la maji na lango moja la bati. Wazee wetu, madereva na mafundi wa magari waliokuwa wakifanya kazi pamoja, walinunua kiwanja pamoja na kujenga pamoja, na hati ikawa moja. Maana yake hakuna aliyekuwa na nyumba. Kila familia ilikuwa na sehemu yake katika nyumba zote, na ruhusa ya kulala katika moja. Baba alipofariki nilirithi sehemu yake, redio zake mbovu, na nyumba ya mlangoni, ile iliyopakana na lango. Majirani walisema huo ni mzaha wa Mungu: asiyetoka kapewa mlango.

Hatukuwa na mwenyekiti. Tulikuwa na viti. Jumapili alasiri, Waislamu wakishaswali na Wakristo wakishatoka misa na kula, kila nyumba ilitoa kiti chake uwanjani. Aliyekikalia ndiye aliyeisemea nyumba yake; wengine walisimama nyuma yake wakinong'ona na kumchokoa mgongoni. Jambo likikubaliwa na viti vyote, limepita. Kiti kimoja kikikataa, tunalala nalo mpaka Jumapili nyingine. Ufunguo wa lango ulizunguka nyumba hadi nyumba kwa zamu, na mwenye zamu alifagia uwanja na kulinda bomba lisiachwe likilia.

Na ilikuwako sheria moja ya wazee, ambayo ndiyo hasa ninataka kuieleza. Nyumba ambayo jiko lake halijawaka tangu mvua hadi mvua, inarudi kwa wote, na wote wanampa mwingine. Wazee waliitunga kwa sababu ya mwenzao mmoja aliyefunga nyumba yake akaifanya stoo ya matairi, huku yeye akiishi raha zake kwa mke mdogo. Walisema nyumba ni moto. Pasipo moto ni sanduku.

Nyumba ya kona, iliyotazamana na yangu ng'ambo ya uwanja, ilikuwa ya bibi mmoja mjane, mshonaji. Tulimwita Bibi tu, wakubwa kwa wadogo. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga, mwavuli wa kijani ambao mpini wake ulivunjika akaufunga kwa kamba ya kitambaa, na ulimi ambao haukuwahi kuvunjika. Kila asubuhi alinikuta dirishani na kikombe changu cha chai.

"Bado uko hapo?" alikuwa akiniuliza. "Mi nikajua umeshamuoa huyo dirisha. Mahari ulitoa ngapi?"

"Bibi, mahari bado. Wakwe ni wagumu."

"Wakwe ni ukuta, utawaweza wapi."

Alipita akicheka, na siku yangu ikaanza. Siku asiponitania nilihisi kama mtu aliyesahau kunawa uso.

Mwaka mmoja, katika zile siku mji ulipokuwa ukifungwa kwa nguvu, maduka kimya, barabara hazina gari, Bibi alisubiri mji ufunguke, akaukabidhi ufunguo wa nyumba yake kwa mwenye zamu, akachukua mwavuli wake. Binti yake aliyeolewa Uvira alikuwa karibu kujifungua.

"Nakwenda kuogesha mutoto, narudi," alisema. Akanitazama dirishani. "We usitoke. Utaungua na jua."

Uvira ni nchi nyingine, lakini si mbali. Mvua ikinyesha na hewa ikisafika, ukipanda juu ya tangi letu la maji unaiona milima yake ng'ambo ya ziwa, ya buluu, karibu kiasi kwamba unadhani ukiita mtu ataitika. Lakini vita vilianza na kule, mpaka ukafungwa, na sauti ya Bibi ikakatika kama stesheni iliyohama masafa. Mvua zikaisha. Kiangazi kikaja na vumbi lake, ziwa likafunikwa na ukungu, hata milima ikapotea. Mlango wa kona ulikaa umefungwa. Buibui alishona pale juu ya kitasa, nami nikajiambia angalau mtu anaendeleza kazi.

Mawingu ya kwanza yaliporudi, Mwalimu wa nyumba ya tangi aliikumbusha ile sheria. Mwalimu alikuwa mtu mwema aliyependa kanuni kama wengine wanavyopenda pilipili. Jumapili hiyo alikaa kwenye kiti chake, akakohoa.

"Ndugu zangu, mvua iko njiani. Nyumba ya kona haijawaka. Watu wanakuja langoni kila siku, wamechomewa makwao, wana watoto. Na tusipompa mutu, ipo siku atakuja mutu asiyeomba. Mmeona karitiye zingine, mitaa ya wenzetu. Nyumba ikikaa kimya, asubuhi unakuta ina bwana mupya na bunduki."

Hakuna aliyebisha. Alikuwa anasema kweli yote. Ndipo nikasikia mtu anasema, "Mimi nitawasha," na kwa mshangao wa wote, na wangu kwanza, mtu huyo alikuwa mimi.

Uwanja ulicheka. Fundi wa magari wa nyumba ya pili, ambaye mkewe alinigawia mboga kwa huruma, alicheka hadi kiti kikamlalamikia.

"We? We unakula mkate na chai miaka yote! Mbabula yako ya makaa ina kutu!"

"Ndiyo maana," nilisema. "Yake haina."

Wote wakamgeukia Mwalimu. Alifikiri, mkono kidevuni.

"Sheria inasema jiko liwake," alisema mwishoni. "Haisemi awashe nani."

Viti vyote vikakubali. Nilichaguliwa si kwa sifa, bali kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na hakika ya kuwapo nyumbani.

Basi nikaanza kuishi maisha mawili, jambo kubwa mno kwa mtu ambaye hata moja lilikuwa likimchosha. Kila jioni, kabla ya kuvre-fe, ile saa ambayo watu wote lazima wawe ndani, nilivuka uwanja na kiberiti mkononi. Makaa yalikuwa adimu wakati ule, kwa kuwa yalishuka kutoka milimani, na milimani hakukuwa na usalama. Kila nyumba ilitoa kidogo. Mke wa fundi aliweka vipande vyake juu ya kizingiti vimefungwa katika jani la mgomba kama zawadi ya arusi. Mwalimu alileta vyake mwenyewe na kusimama mpaka vishike, ili ashuhudie.

Nyumba ya kona ilikuwa ileile yangu, imegeuzwa. Wazee walizijenga nyumba zote kwa ramani moja, ila ya upande ule inatazama upande huu, kama katika kioo. Mlango wa chumba ulikuwa pale kwangu palipokuwa na ukuta. Mkono wangu ulitafuta dirisha kushoto ukakuta rafu ya vikombe. Majuma ya mwanzo nilijigonga kila mahali. Baadaye nilizoea, na hapo ndipo ukawa ugonjwa mwingine: nikirudi kwangu najigonga kwangu. Kuna jioni nilisimama katikati ya uwanja, moshi unapanda nyuma yangu taratibu, mwanga wa jua umelala juu ya mabati kama samli, na sikujua upesi ni upande upi ninakolala.

Nilipika maharage. Niliyaunguza. Si kwa makusudi, lakini ni lazima niseme kuwa maharage yanayoungua hutoa moshi wa kutosha, na kwa upande wa sheria nilikuwa mtumishi hodari. Nikingoja yaungue, nilikaa kizingitini, nikaitazama nyumba yangu mwenyewe ng'ambo. Ilikuwa na dirisha moja, na dirishani palikuwa na kikombe. Nikamwona yule kijana asiyekuwapo, na kwa mara ya kwanza nikamhurumia Bibi, aliyekuwa akiianza siku kwa kuiona sura ile.

Sikulala mle kamwe, wala sikukaa kitandani wala kwenye kiti chake. Kitanda kilitandikwa shuka ya maua. Nililifuta vumbi nikapita. Kiti nilikitoa Jumapili, nikakiweka mahali pake kwenye duara, kitupu, na watu walipoongea walikitazama nacho, kwa adabu, kama kwamba kingeweza kukohoa. Cherehani niliizungumzisha, nakiri. Niliipa habari za redio. Siku mpaka wa Uvira ulipotajwa, nilisema kwa sauti, "Umesikia, Bibi?" Gurudumu likazunguka kidogo. Pengine niligonga meza.

Mvua ikaja ikapita, ikaja tena. Hewa iliposafika nilipanda juu ya tangi, mimi niliyeogopa hata kupanda stuli, nikatazama ng'ambo. Nilijiambia kwamba kama mimi naiona milima, basi na yeye akitazama huku huenda anaona uzi mwembamba wa moshi juu ya mji, akajua ni jiko lake. Ni upuuzi, mji mzima ulikuwa na moshi. Lakini nilizidisha maharage.

Halafu ikaja alasiri moja nilipofua. Kamba yangu ilikuwa imekatika, kwa hiyo nikaanika suruali yangu ya kahawia kwenye kamba ya Bibi, mbele ya mlango wake. Nikawasha jiko mapema kidogo, nikaacha mlango wazi, nikaenda nyuma kuchota maji. Lango lilikuwa limesindikwa tu. Sikuona kitu.

Kesho yake nilitoka hadi langoni kununua lenga-lenga kwa mama mmoja aliyeanza kuuza mboga pale nje msimu ule. Alikuwa amehamia kutoka mtaa uliochomwa, hakutujua vizuri.

"Jana mulikuwa na mugeni," aliniambia akifunga fungu. "Bibi mmoja. Alisukuma lango, akachungulia, akasimama sana. Akaniuliza, ile nyumba yenye moshi, ni nani anakaa? Nikamwambia, si yule kijana wa redio? Kila siku anapika pale. Akaniuliza, na suruali ile? Nikamwambia, ni yake."

Lenga-lenga ilinianguka.

"Alikuwaje?"

"Mufupi. Na mwavuli wa kijani, wamefunga na kamba."

"Akasema nini?"

"Akasema, basi vizuri, hata kijana ana haki ya kukaa. Akaniuliza gari za Ruziba. Ana kaka yake kule."

Mji mzima katika miaka ile ulijaa watu waliorudi wakakuta moshi wa mtu mwingine kwenye majiko yao, nguo za mtu mwingine kwenye kamba zao. Walijifunza kutobisha hodi. Sisi tulikuwa tumejibana makaa misimu yote ili nyumba ionekane ina mtu, na ilionekana vizuri sana. Hakuna hata mmoja kati ya viti vyote vile aliyefikiria kwamba mwenye nyumba naye ana macho.

Hatukusubiri Jumapili. Viti vilitoka jioni ileile.

"Ni lazima mutu aende kumweleza," alisema Mwalimu. "Akizoea kule harudi tena. Na asiporudi, tutakuwa tumelinda nyumba dhidi ya mwenyewe."

"Nitaenda mimi," alisema fundi. "Lakini nikimwambia si kweli, ataniamini? Suruali si yangu."

Vichwa vyote vikanigeukia, taratibu, kama alizeti.

"Apana," nilisema. "Mi sijui hata Ruziba iko upande gani."

"Kusini," alisema Mwalimu. "Ziwa likiwa kulia kwako, unakwenda. Likiwa kushoto, unarudi. Hata wewe utaweza."

Asubuhi nilivaa ile suruali, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa safi, nikachukua kiti cha Bibi. Sikujua kwa nini nakichukua. Nadhani sikuwa na kingine cha kuonyesha. Petroli ilikuwa haba siku zile, gari lililojaa halikutaka kiti, basi nikapanda taksi ya baiskeli, kiti nimekigeuza kichwani, miguu yake minne juu kama pembe. Mwendesha baiskeli alinitazama mara moja tu.

"Kaka, unaenda kuoa ama unahama?"

"Naenda kuomba msamaha kwa ajili ya suruali," nilisema. Hakuniuliza tena mpaka tukafika.

Nilikuwa nimesahau kwamba ziwa lina sauti. Kutoka juu ya tangi lilikuwa rangi tu. Sasa lilikuwa kulia, pana, jeupe kwa ukungu wa asubuhi, na milima ya ng'ambo haikukanyaga chini popote, ilielea. Tulipita askari waliosinzia kando ya kizuizi. Mmoja alikitazama kiti, akafikiri, akatupungia mkono tupite. Hewa ilianza kunuka ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliotandazwa mchangani, wakimetameta hadi macho yanauma. Nikaona dunia iliendelea kuwako muda wote ule, bila kunisubiri, na kusema kweli nilijisikia kutukanwa kidogo.

Nyumba ya kaka yake haikuwa ngumu kupata; niliuliza mwavuli. Bibi alikuwa amekaa juu ya mkeka chini ya upenu, anachambua ndagala kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Aliinua macho, akaniona, akaona kiti, akarudisha macho kwenye ungo.

"Umetoka nje," alisema. "Basi vita imeisha."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kiti umeniletea cha nini? Ungebaki nacho vilevile. Nyumba isiyokuwa na kiti, Jumapili utasimama."

"Nyumba ni yako, Bibi."

"Nimeona suruali, mwanangu. Sina ugomvi. Uvira nimelala kwa watu, hapa nimelala kwa watu. Mutu akipata paa, akae. Mi nakuombea tu cherehani yangu."

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati: maharage, Mwalimu, makaa katika jani la mgomba, sheria ya wazee, kamba yangu iliyokatika. Alisikiliza bila kuacha ndagala. Nilipomaliza alikuwa bado hajanitazama.

"Kwa hiyo umepika kwangu misimu yote hiyo."

"Ndiyo."

"Na kulala?"

"Apana. Nimelala kwangu."

"Kitanda changu," alisema polepole, "mutu akipanda, kinalia upande gani? Wa ukuta ama wa mlango?"

Nilitafuta jibu. Nilitamani sana kulijua, kwa kuwa shuleni walinizoesha kwamba asiyejua ameanguka.

"Sijui, Bibi. Sijawahi kukisikia."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Sasa alinitazama. Jasho lilikuwa likinitiririka, na nilikuwa bado nimekishika kile kiti mbele yangu kama mtu anayejikinga.

"Umebeba hicho kutoka mjini?"

"Ndiyo."

"Na umesimama muda wote huu, hujakikalia?"

"Si changu."

Alijishika goti, akainuka kutoka mkekani. Akanipokonya kiti, akakiweka vizuri pale upenuni, akakifuta kwa upindo wa kanga, akakaa. Alikaa kama wanavyokaa Jumapili, mgongo wima, mikono mapajani. Kisha akalia kidogo, bila sauti, nami nikalitazama ziwa, ambalo kwa bahati lilikuwa kubwa kiasi cha kutosha.

"Sufuria uliyounguzia," alisema alipomaliza, "ni ile yenye mfuniko wa bluu?"

"Ndiyo hiyo."

"Shetani we."

Alirudi kabla juma halijaisha, ziwa likiwa kushoto. Kaka yake alimsindikiza na kiti. Uwanja mzima ulitoka. Mke wa fundi alipiga vigelegele, Mwalimu alimkabidhi ufunguo kwa mikono miwili, na yule mama wa mboga alijificha nyuma ya lango kwa aibu mpaka Bibi alipomwita na kununua kwake mafungu yote. Siku ile nzima tulisikia ndoo, ufagio, na sauti yake kutoka ndani ikiniita majina ya wanyama mbalimbali kwa ajili ya masizi ya darini.

Jioni, kabla ya kuvre-fe, miguu yangu ilijiamkia yenyewe. Nilikuwa nimeshavuka nusu ya uwanja, kiberiti mkononi, nilipoona moshi unapanda kutoka kona. Mwembamba, mnyoofu, haunuki kuungua. Alikuwa kizingitini, anapepea mbabula.

"Unataka nini?"

"Nilikuja kuwasha."

"Imewaka."

Sikujua niende wapi. Nilisimama na kiberiti changu katikati, pale pale ambapo jioni nyingi nilishindwa kujua ni upande upi ninakolala. Bibi alinitazama, akapepea, akacheka puani.

"Nenda kwa mke wako dirishani," alisema. "Maharage yakiiva nitakuita. Uje na sahani. Na uvae suruali ingine, hiyo nimeichoka."

Nikarudi kwangu. Nilijigonga kwenye ukuta, pale kwake palipo na mlango.